Habari za Nyumba Yenu, Nani wa Kuzitoa?



Huku kwetu Elburgon wanandoa wenye ugomvi wakija kwa katekista siku hizi hawaji na barua iliyookotwa mfukoni, wala na habari ya mtu aliyeonekana stendi ya matatu. Huja na simu. Mmoja huitoa, huiweka mezani na kusema, "Soma mwenyewe, mwalimu, alichoandika." Na mara nyingi kilichoandikwa si uongo. Hapo ndipo penye ugumu. Kingekuwa uongo tungejua la kufanya: aliyesingizia aombe msamaha na kusahihisha maneno yake. Lakini neno la kweli la nyumbani, likitolewa na mwenye nyumba mbele ya watu mia mbili, tutaliitaje?

Mwezi huu tujifunze habari hiyo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si haki kufundisha kwa makosa ya majirani tu. Mke wangu ameusoma ukurasa huu kabla haujapelekwa kwa mhariri. Alifuta sentensi mbili, nami sikuzirudisha.

Ombi la sala

Mwaka 2016 mke wangu alipoteza mimba ya miezi mitatu. Tulirudi kutoka hospitalini jioni, mvua ikinyesha, na usiku ule hatukusema mengi. Asubuhi, yeye akiwa bado amelala, nilichukua simu nikaandika katika kundi la WhatsApp la jumuiya yetu ndogo ndogo: wapendwa, tuombeeni, mama watoto amepoteza mimba. Kundi lilikuwa na watu kama sitini. Niliona nafanya jambo jema, tena la Kikristo. Jibu la kwanza lilifika kabla sijavaa viatu.

Saa kumi jioni akina mama wakaja na sukari, unga na maziwa, kama desturi yetu ilivyo. Mke wangu alikuwa akimenya viazi. Aliwakaribisha akidhani amesahau zamu ya sala nyumbani kwetu. Mmoja akamshika mkono, akamwambia pole kwa mtoto. Mke wangu alinitazama mara moja tu, kisha akaenda jikoni kubandika chai. Usiku huo mama mkwe alipiga simu kutoka Njoro akilia. Hakulia kwa sababu ya mimba tu. Alilia kwa kuwa jirani amemwambia kabla ya bintiye, tena hata kwamba kulikuwa na mimba alikuwa hajui.

Kwa siku mbili mke wangu hakusema nami ila la lazima. Siku ya tatu nikajitetea kwamba nilikuwa naomba sala. Akanijibu, "Baba watoto, mtoto alikuwa wetu sisi wawili. Mwili ni wangu. Na Mungu alikuwa amekwisha kusikia tangu usiku."

Nilitaka kuufuta ule ujumbe, lakini wakati huo WhatsApp haikuwa na njia ya kufuta kilichokwisha kufika kwenye simu za wengine. Njia hiyo ilikuja mwaka 2017. Hata kama ingekuwapo, isingenifaa kitu, maana maji yakimwagika hayazoleki, na watu sitini walikuwa wamekwisha kusoma.

Sasa sikilizeni jambo la pili. Mwaka 2019, katika mkutano wa akina mama wa kigango, kulikuwa na bibi mmoja kijana aliyepatwa na msiba kama wetu. Alikuwa anajiona amelaaniwa. Mke wangu akasimama akasimulia yake yote, mwanzo hadi mwisho, nami hata sikuwapo. Habari ilikuwa ile ile, na wengi wa waliosikia walikuwa wale wale waliokuja na unga mwaka 2016. Ila safari hii aliitoa mwenyewe, siku aliyoichagua yeye, kwa sababu aliyoiona yeye. Aliporudi nyumbani alikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Siri ina wenyewe

Sandra Petronio, bibi msomi wa Marekani, ameandika tangu miaka ya 1990 juu ya namna watu wanavyotunza habari zao. Anasema kwamba mtu huiona habari yake kuwa mali yake. Akimwambia mwingine, yule aliyeambiwa anakuwa mshiriki wa mali ile, naye anapaswa kujua masharti yake: nani mwingine aambiwe, lini, na kwa kiasi gani. Watu wasipoafikiana masharti hayo, ugomvi huja, hata kama hakuna aliyekusudia ubaya. Nilipoyasoma hayo niliona kwamba mimi na mke wangu tulikuwa tumepita mumo humo. Wazee wetu walikuwa na neno moja tu la kueleza jambo hilo: amana. Ukipewa amana umekabidhiwa kuitunza, haijawa yako ya kugawa.

Katika ndoa hesabu huwa ngumu zaidi, kwa sababu karibu kila kitu kina wenyewe wawili. Mshahara wako ni habari yako, na ni habari ya mwenzako pia. Ugonjwa ni wa aliyeugua kwanza, hata kama mwingine ndiye anayeuguza. Deni ni la wote wawili. Mambo ya kitandani ni ya wote wawili daima, wala hapana hata mmoja mwenye ruhusa ya kuyatoa peke yake, hata kwa mzaha, hata kwa marafiki wa utotoni. Ugomvi na wakwe una wenyewe watatu au wanne, na hao hawako mezani wakati unapoandika.

Na lile swali la mwanzo, la neno la kweli linaloaibisha, lina jibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, haikatazi masingizio tu. Inamhesabia kosa pia mtu anayetoa kasoro za kweli za mwenziwe, bila sababu ya haki, kwa watu wasiozijua. Wengi tulifundishwa kwamba dhambi ya ulimi ni uongo, tukaishia hapo.

Kadi za salamu

Sisi tuliokua miaka ya 1980 na 1990 tunakumbuka kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika jina lake na la mkewe, la watoto, la shemeji aliye Molo na la rafiki aliye Kericho, akaituma KBC Nairobi. Mtangazaji akaisoma, na Kenya nzima ikasikia. Kwa hiyo si kweli kwamba zamani watu hawakupenda kujulikana. Walipenda sana. Wako waliokuwa mashuhuri nchini kwa salamu tu.

Lakini kadi ilikuwa na nafasi ndogo, ikabeba salamu na si zaidi. Iligharimu fedha. Tena ilikwenda polepole, hasira ya Jumatatu ikawa imepoa kabla kadi haijafika Nairobi. Kisha kulikuwa na mtangazaji katikati, ambaye asingesoma matusi. Redio hiyo hiyo ilikuwa na kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" ambacho marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikianza mwaka 1966. Swali lile la jina la kipindi latosha kuwekwa juu ya kila simu.

Stetasi ya WhatsApp, kama tunavyoijua sasa, ilianza mwaka 2017. Hukaa saa 24 kisha hutoweka, na kwa sababu hutoweka watu huiona kama neno lililosemwa hewani. Usipoibadilisha, huonekana na kila mtu uliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yako. Hebu hesabu ni akina nani. Mwenye nyumba yumo. Mwalimu wa mtoto yumo, na mama mkwe, na yule fundi uliyemwita mara moja kutengeneza bomba mwaka juzi. Yeyote kati yao aweza kupiga picha ya skrini kwa sekunde moja, na picha hiyo haina saa 24. Kadhalika kundi la WhatsApp: tangu mwaka 2022 laweza kuwa na watu 1,024, idadi inayozidi waumini wa vigango vingi. Mtu huandika mle kana kwamba anaongea na wale watano wanaojibu, akawasahau wanaosoma kimya.

Wengine husema, "Lakini WhatsApp imefungwa kwa kufuli, hakuna wa kusoma." Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ujumbe unafungwa njiani, usisomwe kati ya anayetuma na anayepokea. Kufuli hiyo ni ya njiani. Haimfungi mdomo aliyepokea.

Stetasi ya hasira

Nitasimulia ya mume na mke wawili, nimebadilisha mambo wasitambulike, nao wamekubali. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti Februari 2018, viwanda vya mbao vilisimama, nanyi mnajua mji wetu umejengwa na mbao na reli. Bwana huyu alikuwa mfanyakazi wa msumeno. Akabaki na vibarua vya viazi, siku apate, siku akose. Jioni moja mkewe akaandika kwenye stetasi yake kwamba kuna wanaume ambao kazi yao ni kuvaa suruali tu, unga hawaujui bei. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Kufikia asubuhi vijana wa senta walikuwa wanamwita yule bwana "Unga".

Walipokuja kwangu nilimkemea mama. Nasikitika kwamba nilianza hivyo. Alipopata nafasi ya kusema alieleza kwamba alikuwa ameleta jambo lile la fedha mara nne, na kila mara bwana alichukua kofia akatoka. Mtu asiyesikilizwa sebuleni atatafuta baraza jingine, na simu ndiyo iliyo karibu. Simsemi kwamba alifanya vema. Nasema kwamba kosa lile lilikuwa na mlango wake, na aliyeufungua mlango ni yule aliyetoka na kofia. Katika nyumba nyingi ninazozijua, neno linalomwagika nje lilikwisha kubisha hodi ndani.

Injili ya Mathayo, sura ya 18, ina utaratibu ambao twaujua kwa midomo: kwanza ninyi wawili peke yenu, ikishindikana mshahidi mmoja au wawili, na mwisho kabisa kusanyiko. Stetasi huanzia kwenye kusanyiko. Katika injili hiyo hiyo, sura ya kwanza, Yosefu alidhani ametendwa vibaya, wala hakuna ambaye angemlaumu kama angepiga kelele. Lakini kwa kuwa alikuwa mwenye haki hakutaka kumwaibisha Maria hadharani. Angalieni kwamba alichagua kimya kabla hajaambiwa na malaika kwamba hakuna kosa.

Wale wawili tuliwapa kazi ya kumchagua mtu mmoja wa kuambiwa mambo yao yakiwalemea. Walichagua wasimamizi wao wa ndoa, watu wazima wasio na haraka. Wanaendelea. Bwana amerudia kazi ya mbao. Vijana wa senta bado wanamwita Unga, na mkewe akilisikia jina hilo huinamisha macho.

Watoto hawajaulizwa

Juu ya watoto nitasema kifupi, ingawa wengi hukasirika. Picha ya mtoto akioga kwenye beseni, picha ya matokeo yake mabaya ya mtihani, habari kwamba bado anakojoa kitandani, au kwamba amefukuzwa shule kwa karo: hizo zote ni za mtoto. Wewe umeshikilia amana. Atafika kidato cha pili na wenziwe watazifukua.

Hata serikali imeliona. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule ya Roma ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu ya Casa Vera, shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja mmoja. Watu wazima walicheka habari ile ya klabu. Mimi nilifikiri juu ya bwana mmoja aliyekwenda kula nyama mahali na kumwambia mkewe yuko mahali pengine, lakini hiyo ni makala nyingine.

Jambo la kuangalia ni hili: sheria hiyo inaacha nje habari ambazo mtu binafsi anazishughulikia kwa mambo yake ya nyumbani. Usitegemee Kamishna aje kuamua kati yako na mkeo juu ya picha ya sebuleni.

Simu ya mwenzako

Naulizwa mara kwa mara: je, mume na mke wapeane namba za siri za simu? Wengine hufundisha kwamba mwili mmoja ni simu moja. Mimi sioni hivyo moja kwa moja. Simu ya mke wangu ina maneno ya akina mama wanaomweleza shida zao, na yeye ni mweka hazina wa chama. Simu yangu ina ujumbe wa watu wanaotaka ushauri. Nikisoma simu yake siisomi yake tu, nazisoma siri za jirani yetu ambaye hakunikabidhi kitu. Yeye vilevile. Namba tunazijua, maana ajali na ugonjwa havibishi hodi, na habari za M-Pesa zetu tunaelezana kila mwisho wa mwezi. Lakini hatupekuani.

Kuna tofauti ya kutunza amana ya mtu mwingine na kumficha mwenzako jambo linalomhusu. Mkopo uliochukua kwa simu unamhusu. Mtu unayeandikiana naye usiku ukigeuza kioo cha simu chini, anamhusu. Ukijikuta unafuta mazungumzo kabla ya kuingia nyumbani, hiyo si faragha.

Wala kusiwe na mtu wa kuutumia ukurasa huu kuziba mdomo wa anayeumizwa. Mwenye kupigwa hana deni la kumtunzia mpigaji heshima yake. Kenya ina Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, na namba 1195 hupigwa bure. Mtoto akiharibiwa au kuteswa, ni 116, bure pia, na polisi. Hapo mke asingoje kuafikiana na mume, wala mume na mke. Lakini hata hapo aambiwe kwanza mtu awezaye kuokoa. Kundi la jumuiya lina huruma nyingi na mikono mifupi, na jina la mtoto likishaandikwa mle halitoki.

Kama limekwisha kutoka

Wengi mnaosoma mnajua tayari kuna neno mlilolitoa. Mimi sikuomba msamaha katika kundi, kwa kuwa ningelifufua jambo mbele ya watu ambao huenda walikuwa wameanza kulisahau. Nilikwenda Njoro kwa mama mkwe, nikakaa, nikamwambia kosa ni langu na si la bintiye. Kisha nikamwomba mke wangu msamaha bila neno "lakini". Hilo la pili lilinichukua muda kuliko safari.

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, kaeni na simu zote mbili mezani. Pitieni pamoja orodha ya wanaoona stetasi zenu. Ipo sehemu ya kuchagua wasioonyeshwa, na kwenye Facebook waweza kuchagua marafiki badala ya watu wote. Tafuteni picha za watoto zilizowekwa miaka iliyopita mwamue zipi zifutwe. Mtoto aliyefika miaka kumi aulizwe mwenyewe. Halafu kila mmoja aseme jambo moja ambalo hataki kamwe liandikwe, bila kudaiwa sababu.

Kwetu sisi tumebaki na neno moja. Mwenye kutaka kuweka habari ya nyumbani humwuliza mwenziwe, "Niandike?" Naye hujibu "Andika" au "Bado". Wiki iliyopita ng'ombe wetu alizaa ndama wa kike, mzuri ajabu, nami nilikuwa nimekwisha kupiga picha. Mke wangu akasema bado: daktari wa mifugo hajamaliziwa fedha zake, naye yumo kwenye namba zangu.